Ukungu wa Songwe na Subira ya Wasafiri



Mwezi wa Machi, mwaka 2018, tulitumwa watu watano kutoka Dar es Salaam kwenda Rungwe, kuwafundisha waalimu wa vijijini kwa muda wa siku tatu. Kwa barabara safari hiyo hupita kilometa 800, nayo hula mchana kutwa na zaidi. Kwa ndege, hata kufika uwanja wa Songwe ulio karibu na Mbeya, ni kadiri ya saa moja na nusu. Basi wakubwa wetu wakatukatia tiketi za ndege ya alfajiri, ili jioni ile ile tuanze kazi.

Ilipopata saa kumi na mbili tulikuwa tayari, na mizigo imekwisha kupimwa. Ndipo tulipoambiwa, "Songwe kuna ukungu, ngojeni." Ikapita saa moja, na ya pili, na ya tatu. Watoto wakalia, watu wazima wakamfokea binti aliyekaa mezani, kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta ukungu. Mzee mmoja wa safari yetu akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ikiwa kazi hii ni ya Mungu, mbona njia imefungwa? Je, si ishara kwamba turudi nyumbani?"

Swali hili si dogo. Wazee wetu walipojikwaa mguu wakati wa kutoka, au waliposikia mlio wa ndege mbaya kando ya njia, waliahirisha safari. Na desturi hiyo haijatutoka yote moyoni. Nikamjibu, "Mzee wangu, ukungu si neno la laana. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa, na hewa yenye unyevu iliyo juu yake hupoa pia, hata mvuke ukawa matone madogo mno yasiyoanguka chini. Jua likipanda na kuipasha ardhi moto, ukungu huondoka. Nasi tunangoja jua tu."

Tena yafaa tujue sababu ya rubani kungoja. Akikaribia ardhi lazima auone uwanja angali juu. Asipouona, sheria yamwamuru apande tena, azunguke, au aende uwanja mwingine, naye huchukua mafuta ya kumtosha kwa hayo. Na ndege moja hufanya safari nyingi kwa siku; ikichelewa asubuhi, hata abiria wa jioni katika mji mwingine watachelewa. Kwa hiyo kuchelewa si dharau. Aliyechelewa atafika, lakini aliyeangamia hafiki.

Nikamkumbusha pia Mtume Paulo, ambaye merikebu yake ilivunjika yenye watu 276, akakaa Malta miezi mitatu kabla ya kupata chombo cha kumpeleka mbele. Huko hakukaa bure, bali aliwaombea wagonjwa. Hata Rungwe yenyewe, wamisionari wa Moravian waliofika mwaka 1891 walipitia Quelimane, na mito ya Zambezi na Shire, na Ziwa Nyasa. Nao walihesabu safari yao kwa miezi, si kwa saa. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka uo huo. Kama kuzuiliwa njiani kungekuwa ishara ya kurudi, Injili isingalifika kwao.

Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi tufanye kazi ya kungoja."

Nayo ni kazi kweli. Kwanza tuliwapigia simu wenyeji wetu, maana walikuwa wamepika, na mtu mwenye kungoja bila habari huumia kuliko msafiri. Pili, tulimtazama mama mmoja wa kwaya mwenye ugonjwa wa sukari. Nesi wetu alikuwa amemwagiza tangu nyumbani achukue dawa yake mkononi, asiitie katika mizigo ya chini ya ndege, kwa kuwa mizigo huweza kupotea na baridi kali huiharibu dawa hiyo. Sasa akamkataza kuchoma sindano mpaka chakula kiwe mbele yake. Tatu, tuligawana mikate na maji na jirani zetu, na mzee wetu akambeba mtoto wa mama asiyemjua hata akalala.

Saa tano na nusu tuliondoka. Tulipokaribia Songwe bonde lilikuwa jeupe kwa mwanga, na milima ya Mbeya ikasimama wazi. Kutoka huko tulipita Uyole, tukashuka njia ya Tukuyu kati ya migomba na mashamba ya chai, na mlima Rungwe kando yetu. Magharibi tukawakuta waalimu wamekusanyika. Kwa kuwa walipata habari mapema, walikuwa wamewalisha watoto, na mkubwa miongoni mwao alikuwa amekwisha kuanza somo la kwanza, tena vizuri.

Enyi waalimu na wazazi, mtakapotumwa, wekeni siku moja ya akiba kabla ya kazi yenyewe, na chakula na dawa mkononi, na namba za simu za wenyeji. Na mkizuiliwa, msimwulize Mungu kwanza kwa nini mmezuiliwa. Mtazameni aliyeketi karibu nanyi, mwone ana haja gani.