Waya ya bei kali

Wandugu, kwaya yetu inachanga franka kwa waya ya bafle. Muuzaji mmoja wa Butembo anasifu ile ya kung'aa, yenye ncha za zahabu. Sisi hapana. Watu wa Manguredjipa tunaijua zahabu: inazuia kutu, haiimbi. Waya ya shaba ya kawaida, milimita mraba 1,5, ya metri 10, kwenda na kurudi inazuia umeme kwa ohm 0,23 hivi. Bafle yenyewe iko na ohm 8. Sikio la nani litasikia tofauti? Ila tukwangue kwanza kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, ni alumini, tuiache. Franka zitakazobaki tununue mafuta ya grupu, maana Jumapili mbili sasa tumeimba bila mikro.