Kila asubuhi Buhene, kamera mkononi

Tangu mvua za mwezi wa tisa zirudi, kijana mmoja wa Buhene, kaskazini mwa Goma, anazunguka kijiji kila asubuhi na kamera ndogo. Wageni hupiga picha ya lava ya Nyiragongo, ile ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Yeye anatafuta mipaka: kona ya palseli, kisiki cha avoka, njia ambayo akina mama wamekanyaga upya juu ya mawe. Anawatumia majirani waliohama. Wengi hawana karatasi nyingine.

Juzi mama mmoja alimpigia simu: «Mwanangu, kesho simama kushoto kidogo, nione mlango wetu.»

Mlango haupo tena. Alisimama kushoto vilevile, akapiga: vimea vya kijivu juu ya mawe, na kamba mpya ya mtu anayepima kiwanja. Picha hiyo aliituma palepale.