Kambi ya Gede: Tuliofundwa na Mwindaji

Mwaka 1995, mtu akisimama kwenye baraza la chifu pale kwetu Gede na kusema Msitu wa Arabuko-Sokoke ukatwe, alipigiwa makofi. Nilikuwa darasa la sita, na makofi hayo niliyasikia. Watu walikuwa na njaa ya ardhi. Wengi wa majirani zetu walikuwa maskwota, wakilima mihogo na mahindi kwenye vipande visivyo na hati. Karibu nao kulikuwa na kilomita za mraba 420 za msitu ambao, machoni mwao, ulikuwa wa serikali na tembo. Na tembo wenyewe wakitoka usiku, asubuhi mwenye shamba aliokota mabua. Anayetaka kuelewa kambi zetu za watoto aanzie hapo: zilifanywa miongoni mwa watu waliokuwa na sababu za kuuchukia msitu.

Klabu za wanyamapori zilikuwa zimeanza katika shule za Kenya mwaka 1968. Sisi nasi tulikuwa na klabu yetu: mwalimu mmoja, daftari la majina na bango la kifaru lililoliwa na mchwa pembeni. Likizo ya Agosti mwalimu akatangaza kambi ukingoni mwa msitu. Baba alikataa katakata.

"Mtoto wa kike akalale porini? Na ndovu wale?"

Mama ndiye aliyeniombea ruhusa, na alikuwa na sauti ya kufanya hivyo kwa sababu ya kizimba cha chandarua kilichokuwa nyuma ya jiko letu.

Mradi wa Kipepeo ulikuwa umeanza Gede mwaka 1993. Wakulima walifundishwa kutega vipepeo majike msituni kwa ndizi zilizovunda, kuwafungia kizimbani pamoja na mche ambao viwavi wao huula, kukusanya mayai, kisha kuwalisha viwavi hadi wageuke pupa. Pupa zilipelekwa ofisini, zikapakiwa kwa pamba na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Haraka ilikuwa lazima, kwani pupa ikicheleweshwa, kipepeo hutokea njiani. Baba aliucheka sana mradi huo: wazungu wanunue wadudu! Mama alipolipia karo ya kaka yangu kwa fedha za wadudu hao, kicheko kilikwisha. Basi mama aliposema, "Mwache mtoto akaone vipepeo wangu wanakotoka," baba alinyamaza, nami nikafunga mkeka wangu.

Kambini tulikuwa na wakufunzi wawili. Mmoja alikuwa kijana msomi, mwenye darubini na kitabu cha ndege. Wa pili alikuwa mzee wa Kigiriama tuliyemwita Babu. Kijiji kizima kilijua kwamba ujana wake wote aliumalizia kutega wanyama katika msitu uleule. Wazazi walinong'ona: mwizi wa nyama leo ni mwalimu? Aliyemchagua hakujieleza, na baada ya matembezi ya kwanza hapakuwa na haja ya kueleza.

Tulitoka kabla ya jua, tukiwa safu moja, marufuku kusema. Babu aliinua mkono, tukasimama. Mbele yetu palikuwa na rundo la majani makavu, la kawaida kabisa. "Hapo pana mtu amelala," akasema. Hajamaliza, rundo likapasuka: mnyama mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu akaruka, akachapa majani kwa mkia na kupotea. Alikuwa sange wa dhahabu, ambaye duniani hana makao ila msitu huu na misitu michache ya pwani iliyo karibu. Babu akatueleza kwamba hutengeneza vitanda kadhaa vya majani na kuvibadilishabadilisha ili adui asimzoee, na kwamba dume na jike hukaa eneo moja lakini kila mmoja hulala pake. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba mtaalamu wa Marekani, Galen Rathbun, alimchunguza mnyama huyo kwenye magofu ya Gede miaka ya 1970 na kuandika mambo yaleyale. Babu hakuwa amesoma ukurasa hata mmoja. Elimu yake ilitokana na kumwinda.

Kijana msomi, kwa sifa yake, hakuona haya kujifunza pamoja nasi. Yeye alitupa yale ambayo Babu hakuyajua: kwamba bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika hata shibiri moja, hupatikana katika msitu huu na sehemu nyingine chache tu duniani, na kwamba kuna watu wanaovuka bahari ili kumwona usiku mmoja tu. Babu alicheka, lakini kesho yake alimwuliza bundi huyo hula nini.

Usiku, baada ya sima na mchunga, palifanyika jambo ambalo sijaliona katika kambi nyingine yoyote. Mwalimu wetu wa klabu aliuliza: msitu ukatwe au usikatwe? Kisha akakaa kimya. Hakuna aliyekemewa. Mvulana mmoja ambaye kwao walikuwa wamefukuzwa shambani alisema ukatwe wote, kila familia ipewe kipande. Tulimshangilia, hata mimi. Babu alingoja makofi yaishe, akamwita yule mvulana aje na kiganja wazi, akamjaza mchanga mweupe wa chini ya miti ya mrihi.

"Mwanangu, hapa utavuna mwaka wa kwanza na wa pili. Wa tatu utakula nini?"

Mvulana akamjibu, "Na sasa hivi tunakula nini, Babu?"

Mzee hakuwa na jibu, akakiri hivyo mbele yetu sote. Mjadala ukaendelea mpaka moto ukafifia. Nadhani ndipo tulipoanza kuaminiana: msitu ulitetewa bila njaa ya mtu kudharauliwa.

Sisemi kwamba kambi ziliuokoa msitu. Fedha za vipepeo na asali zilifanya kazi kubwa, na Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa majirani nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Tangu 2001, watoto wa familia zinazopakana na msitu wamesaidiwa karo ya sekondari kutokana na utalii, ukiwemo ule wa daraja la mbao katika mikoko ya Mida. Wala sote hatukutoka watakatifu. Mmoja wetu leo huongoza watalii, mwingine ni mwalimu, na mwingine alikamatwa na magogo ya muhuhu aliyokusudia kuwauzia wachongaji. Lakini msitu upo, na sijasikia tena baraza likishangilia kukatwa kwake.

Kinachonisikitisha ni kambi za siku hizi. Mabasi huleta watoto kutoka mijini, ada yake mzazi wa Gede haiwezi, na mkufunzi husoma maelezo kwenye karatasi. Watoto wa majirani huwachungulia kutoka barabarani. Mwaka 2024 magofu ya Gede yaliingizwa katika Urithi wa Dunia, na wageni wataongezeka. Mtaala wa Umilisi nao unazitaka shule ziwatoe wanafunzi nje ya darasa. Ni heri, lakini nawaomba wenye vituo vya mazingira, walimu na serikali ya Kaunti ya Kilifi mambo mawili. Watoto wanaopakana na msitu wapewe nafasi kwanza, tena bila malipo, kwa kuwa wao ndio watakaoamua ukatwe au ubaki. Na wazee waliowahi kuwinda na kutega waajiriwe kama walimu, walipwe kama walimu. Babu alikwisha kufa. Waliobaki wa rika lake ni wachache, na hawatatungoja.