Injini Ikizimika, Tutue Wapi?



Wapendwa, juma hili tunaomba tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, usiku mmoja wa mwezi wa Julai, tulitoka Makambako kuelekea Njombe, na ndani ya gari tulikuwa na mama mmoja mgonjwa. Ni mwendo wa kilomita sitini hivi, wala si safari ya kutisha. Lakini ninyi wenyeji wa huku mnaujua ukungu wa Julai: mwanga wa taa huishia hatua chache mbele, na baridi hupenya hata blanketi mbili.

Hatujafika mbali, mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Dereva wetu, kijana mwenye busara kuliko umri wake, akasema kwa upole: "Baba, turudi Makambako. Bado ni karibu, na pale daktari yupo." Sisi tukakataa. Tulikuwa tumeahidi kufika Njombe. Huko ndiko alikokuwa daktari aliyemzoea mama yule, na huko ndugu zake walikuwa wanatungoja. Tukasema, twende taratibu, tutafika.

Hatukufika. Injini ilizimika katikati ya mashamba ya miti, mbali na Makambako na mbali na Njombe. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu, mama yule akitetemeka, hata lori moja la viazi likatuhurumia. Mama alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini alipotoka hospitali alitwambia neno ambalo hatujalisahau: "Baba, ninyi mlikuwa mnakwenda Njombe. Mimi nilikuwa nakwenda kwa daktari."

Baadaye tulisoma namna marubani wanavyofundishwa kuamua jambo hilihili wawapo juu ya bahari, nasi tukaona aibu.

Ndege ya injini mbili ikipoteza injini moja haianguki papo hapo. Huweza kuendelea kwa ile iliyobaki, ila hushuka chini na kwenda polepole zaidi. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi ndege za namna hiyo zilitakiwa zisiwe mbali zaidi ya mwendo wa dakika 60 kutoka uwanja wa kutua. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu dakika 120, na baadaye 180, kwa kuwa injini zilikuwa zimethibitika kuwa imara. Muda uliongezwa, lakini hekima ilibaki ileile: viwanja vya kukimbilia huchaguliwa kabla ya kuondoka, injini zote zikiwa nzima. Hutazamwa urefu wa njia ya kutulia, hali ya hewa inayotarajiwa, kama uwanja utakuwa wazi saa ile, kama kuna kikosi cha zimamoto. Tena katika mpango wa safari huwekwa alama mahali ambapo kurudi na kuendelea huchukua muda uleule. Kabla ya alama hiyo, geuka. Ukiisha kuipita, songa mbele.

Hivyo injini inapozimika, rubani hakai kubishana na nafsi yake. Haulizwi abiria walikata tiketi ya kwenda wapi, wala ni uwanja gani wenye mafundi wa kampuni yake. Hutakiwa kwenda kwenye uwanja unaofaa ambao atawahi kuufikia kuliko mwingine. Neno "unaofaa" lina uzito, kwa maana uwanja mfupi uliofunikwa na ukungu si kimbilio, hata ukiwa chini kabisa ya mabawa.

Bahari yetu ya Hindi inayo kumbukumbu chungu ya uamuzi wa namna hii. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Boeing 767, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa na watu watatu. Waliamuru ipelekwe Australia. Kapteni Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, nao hawakusadiki, kwa kuwa walikuwa wamesoma katika jarida la ndani ya ndege kwamba ndege hiyo yaweza kuruka kwa muda wa saa 11. Yaweza, matangi yakiwa yamejaa. Ya siku ile hayakujaa.

Leul aliifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, nchi kavu ikiwa karibu. Watekaji walipotambua na kumlazimisha aingie baharini, aliielekeza ndege kimyakimya kwenye visiwa vya Komoro, kwa kuwa alijua kwamba Ngazija kuna uwanja. Mafuta yakaisha, injini moja ikazimika, kisha ya pili. Mapambano ndani ya chumba cha marubani yakamkosesha uwanja aliouchagua, naye akalazimika kuchagua tena: akaishusha ndege majini, karibu na ufukwe wa Mitsamiouli. Wenyeji na watalii wakakimbilia kuokoa. Kati ya watu 175, 125 walifariki, wakiwamo watekaji wenyewe, na pia Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri wa Kenya. Watu 50 waliishi.

Ni uchungu kukiri, wapendwa, lakini usiku ule wa Julai hatukufanana na Kapteni Leul. Tulifanana na wale walioshika jina la mwisho wa safari na kukataa kuutazama mshale uliokuwa mbele ya macho yao. Nia yetu ilikuwa njema. Mshale haukujali nia yetu.

Tunawaona wengi kati yetu katika hali hiyo. Baba amekopa kwa ajili ya shamba la viazi, bei imeanguka, naye anakopa tena ili majirani wasijue. Mgonjwa anaficha uvimbe wake hadi mavuno yaishe. Wanandoa wamenyamaziana mwaka mzima, na kila mmoja anasema, tutafika tu. Kugeuka si kushindwa. Lakini mahali pa kugeukia hapatafutwi vizuri gizani. Tujiulize leo, tungali na afya na amani: siku injini moja ikizimika, tutamwendea nani? Je, mtu huyo anafaa, au yupo karibu tu?

Sisi, tangu usiku ule, tumekubaliana na dereva wetu. Kabla ya kuwasha gari twataja mahali pa kugeukia. Na akisema turudi, tunarudi.

Tunawatakia juma jema.