Mto Thames: Uliokufa Ukafufuka

Mto Thames una urefu wa kilomita 346, lakini atakaye kuzijua taabu zake na aende Crossness, kusini mashariki ya jiji la London. Hapo maji ya bahari hujaa na kupwa kama yafanyavyo pwani yoyote. Wakati wa kupwa hubaki matope mapana ya kijivu, na ndege wakidonoa vidudu humo. Nyuma ya matope limesimama jumba la kale la pampu, lililofunguliwa mwaka 1865, ambalo vyuma vyake vimefinyangwa maua na majani na kupakwa rangi kana kwamba ni hekalu. Kumbe lilijengwa kwa ajili ya kinyesi.

Vyoo vya kuvuta maji vilipoenea katika majumba ya London, uchafu uliokuwa ukikaa mashimoni ulielekezwa katika mifereji ya mvua, nayo ikaumwaga mtoni. Watu wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 jijini. Hata hivyo, kilichowaamsha wakubwa ni pua zao wenyewe. Katika kiangazi cha mwaka 1858 uvundo ulizidi hata mapazia ya Bunge, lililo ukingoni kabisa, yakaloweshwa dawa ya klorini. Sheria ya kujenga mifereji mipya ikapita kwa muda usiotimia wiki tatu!

Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga chini ya ardhi mifereji mikuu ya matofali, yenye urefu wa kilomita 132 hivi, ipeleke uchafu Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini. Baada ya mwaka 1866 kipindupindu hakikuishambulia tena London kwa wingi. Lakini uchafu wenyewe haukusafishwa. Ulilimbikwa katika mabwawa, kisha ukafunguliwa maji yanapoanza kupwa ili bahari iuchukue. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria, Princess Alice, iligongwa ikazama karibu na hapo, muda mfupi baada ya uchafu kufunguliwa. Walikufa watu zaidi ya 600, wake kwa waume na watoto. Baada ya msiba huo tope zito lilianza kutengwa na kupelekwa kwa meli kutupwa baharini, desturi iliyodumu hadi mwaka 1998.

Jiji likakua kuliko mitambo yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1957 haukuona samaki kati ya Kew na Gravesend, isipokuwa mikunga. Sababu yake si ngumu kueleza. Bakteria hula uchafu, na katika kula huko huimaliza hewa iliyoyeyuka majini, nao samaki husongwa roho. Dawa ni kuwapa bakteria karamu yao mapema, ndani ya matangi yanayopulizwa hewa, kabla maji hayajafika mtoni. Njia hiyo ilivumbuliwa Manchester mwaka 1914, ila London ilichelewa kuitumia kwa ukamilifu. Mtambo mpya wa Crossness ulifunguliwa mwaka 1964, na ule wa Beckton ukapanuliwa katika miaka iliyofuata.

Mwaka 1974 samaki aina ya salmoni alinaswa katika maji yaliyovutwa na kituo cha umeme cha West Thurrock, wa kwanza tangu mwaka 1833. Leo aina za samaki zimepita 100, na sili hulala juu ya matope ya mlango wa mto.

Limebaki tatizo la mvua. Mifereji ya Bazalgette huchukua maji ya mvua pamoja na ya vyooni, na ikijaa hufurikia mtoni. Kwa sababu hiyo limechimbwa chini ya mto handaki la kilomita 25, lenye upana wa mita 7.2, ambalo lilikamilika kuunganishwa mwaka 2025. Huyapokea mafuriko hayo na kuyapeleka Beckton yakasafishwe. Salmoni, hata hivyo, hawajarudi kukaa.