Ubao na Maji

Neno sakafu lina kisa chake. Kwa Waarabu, saqf ni paa, kile kinachomfunika mtu. Kwa Waswahili, sakafu ni kile anachokikanyaga. Wala aliyelipokea hakusikia vibaya. Katika nyumba za mawe za Unguja, Mombasa na Lamu, kifuniko cha chumba cha chini ndicho uwanja wa chumba cha juu: boriti za mkoko hulazwa toka ukuta hadi ukuta, mawe yakapangwa juu yake, kisha chokaa ikamwagwa na kupondwa mpaka ikashikana. Kitu ni kimoja, na jina lake hutegemea mtu amesimama wapi.

Binti mmoja wa Kyimo, aliyeolewa Unguja na kulala chini ya boriti kama hizo kwa miaka zaidi ya ishirini, aliazimia kumtengenezea mama yake chumba chenye sakafu ya mbao. Kyimo iko kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, wilayani Rungwe, nchi ya migomba, chai na mvua. Mvua yenyewe katika pande za Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na baridi ya Juni na Julai huingia hadi mifupani. Mama huyo ni mjane, magoti yamemchoka, na ndani ya nyumba hutembea peku. Sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu, nzuri kwa macho, lakini alfajiri ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Majirani walishauri vigae. Vigae vikilowa huteleza, na mama alikwisha kuanguka mara moja kwenye baraza ya jirani. Alinusurika, ila nyonga ya mtu wa umri wake ikivunjika haiungi upesi.

Isidhaniwe kwamba Wanyakyusa walingoja mtu wa pwani awafundishe nyumba njema. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya usafi na ufundi wa nyumba za nchi ile. Chini palikuwa udongo uliopigwa ukapigika. Ubao haukuwa desturi, na penye mvua nyingi hivyo kulikuwa na sababu.

Kwanza ilikuwa ni mti gani. Msindano unapatikana karibu, maana Rungwe ina mashamba ya miti ya serikali, lakini ni mlaini. Mguu wa kiti huuachia kovu. Mkaratusi ni mgumu na wa bei nafuu, ila ukikauka hupasuka na kujinyonga. Mtiki wa kupandwa, kama ule wa Longuza kule Muheza, ungefaa sana, lakini safari yake ni ndefu. Binti aliutaka mninga, na fundi seremala hakumpinga, kwani mninga una sifa ambayo miti mingi haina: ukishakauka sawasawa hautanuki wala kunywea sana hewa ibadilikapo. Mbao zilitoka misitu ya miombo ya Chunya. Binti aliomba kuona hati ya kusafirishia na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, na muuzaji alinuna kidogo kabla ya kuitoa. Haki yake binti kuuliza. Mche wa mninga hukauka kila kiangazi na kuchipua upya kwa miaka kadhaa, mzizi ukijijenga chini, kabla shina halijainuka kweli. Toka hapo hadi kufaa msumeno ni umri wa mtu mzima, pengine na zaidi. Mbao za kutosha chumba cha mita nne kwa tatu na nusu, yaani mita za mraba 14, na sehemu moja ya kumi juu yake kwa ajili ya vipande vitakavyotupwa, si jambo la kuchukuliwa kwa wizi.

Likizo ya binti ilikuwa wiki mbili. Mbao zilipofika aliona kazi imekwisha, abakie kusikia nyundo. Fundi akazipanga chumbani humo humo, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti ili hewa ipite, akaufunga mlango.

“Lini utaanza?” binti aliuliza.

“Zitakaponiambia zenyewe, dada.”

Hakuwa akitania. Kila Jumamosi alikichukua kipande kimoja, kile kile, akakipeleka dukani kupimwa kwenye mizani ya sukari. Maadamu uzito ulikuwa ukipungua, ubao ulikuwa bado unatoa maji. Ubao ukipigiliwa na maji yake hunywea baadaye, nao hunywea kwa upana, si kwa urefu. Nyufa hutokea kati ya ubao na ubao, na hakuna nta ya kuziziba. Binti alitaja tiketi ya basi, tiketi ya boti, kazi inayomngoja. Akaongeza ujira. Fundi akaukataa ujira. Ndipo mama, aliyekuwa kimya siku zote hizo, akasema: “Acha zikae, mwanangu. Mimi nimekungoja wewe miaka mingapi?” Binti akaondoka bila kuona hata ubao mmoja umelala.

Wiki tatu baadaye uzito ukatulia. Wakati huo fundi alikwisha kulaza kipande cha nailoni juu ya saruji, kingo zake zimebandikwa, na siku ya pili akakuta matone chini yake: ardhi ilikuwa ikipumua maji kwa kupitia sakafu ya zamani. Kwa hiyo hakuigandamiza mbao juu ya saruji. Alipanga mihimili iliyotiwa dawa ya mchwa, akaisawazisha kwa pimamaji, akatoboa matundu ukutani yenye wavu wa kuzuia panya, hewa ikawa inapita chini. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji mwembamba upande wa pili. Aliutoboa ulimi kwa keekee kwanza, kwa kuwa mninga hupasuka ukilazimishwa, kisha akapigilia msumari kwa mshazari ili ubao ufuatao uufiche. Kandokando ya kuta aliacha nafasi ya milimita 12. Mama aliiona akadhani kipimo kimekosewa. “Masika zitahitaji pa kwenda, mama,” fundi alimjibu.

Vanishi hakuitaka. Vanishi ni ngozi, nayo ikichubuka penye mlango huna budi kukipiga msasa chumba kizima. Alitumia mafuta ya kitani, na matambara yake akayaanika nje yametandazwa, maana yakifungwa bonge huweza kuwaka yenyewe.

Ikabaki mama na maji. Kiswahili kina usemi wa kupiga deki, na deki ni sakafu ya meli. Mabaharia wa zamani waliziosha mbao za deki kwa maji ya chumvi zisikauke na kuachana. Neno likashuka bandarini, likapanda hadi milimani, likawa ndoo na tambara kila asubuhi. Mama alikuwa amepiga deki tangu usichana wake. Usafi bila maji kwake haukuwa usafi. Sasa alitakiwa afagie kwa ufagio laini, afute kwa tambara lililokamuliwa hadi likakaribia kukauka, na mara moja au mbili kwa mwaka apake mafuta. Alitii kwa shingo upande, akawa mkali kuliko fundi: viatu vya wajukuu hubaki nje.

Aprili, mvua ya upepo ikapita chini ya mlango usiku kucha. Ubao wa kwanza ukainua kingo zake kama mfuniko wa chungu. Mpwa mmoja akaja na randa. Fundi alimzuia: ubao ukirandwa ungali umelowa, ukikauka hubaki na mgongo. Wakangoja kiangazi. Kufikia Septemba ulikuwa umerudi chini, isipokuwa ukingo mmoja, unene wa ukucha.

Binti alipokuja Desemba aliuona, akataka ung’olewe na kuwekwa mwingine. Mama alikataa. Alisema usiku umeme ukikatika, ukingo ule ndio humwonyesha unyayo wake mlango ulipo.