Kemia, Simu na Tanuri la Chokaa



Wazazi wa huku kwetu Fukayosi huniuliza mara kwa mara kama ni kweli kwamba mtoto aweza kujifunza kemia katika simu. Wengine huuliza kwa tumaini, maana wamesikia ya kuwa kila elimu imo humo. Wengine huuliza kwa hofu, maana wameona vijana wakikesha na simu, na kulipokucha hawana walichokipata ila usingizi. Swali hili si dogo, nalo lastahili jibu lililopimwa. Nami kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha somo hilo, napenda kueleza niliyoyaona, faida yake na mipaka yake.

Kwanza yafaa tujue kwa nini kemia huwalemea wengi. Kemia ni elimu ya vitu: vimefanyika kwa nini, hubadilikaje, na huungana kwa vipimo gani. Lakini atomu haionekani kwa macho, wala hakuna mwalimu awezaye kuishika mkononi akawaonyesha wanafunzi. Tena mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, afikapo kidato cha kwanza akuta somo hilo lafundishwa kwa Kiingereza. Basi hubeba mizigo miwili kwa mara moja, mzigo wa lugha na mzigo wa elimu yenyewe. Zaidi ya hayo, shule nyingi za vijijini hazina dawa wala vyombo vya kutosha. Wanafunzi huzunguka bureti moja, wa mbele wakaona na wa nyuma wakasikia tu. Lakini katika mtihani wa kidato cha nne imo karatasi ya vitendo, na huko kila mtu hushika chombo kwa mkono wake mwenyewe.

Je, mtandao wasaidia nini katika shida hizo? Tangu waya wa SEACOM upitao chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mambo mengi yaliyokuwa mbali yamesogea karibu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni, na humo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Baraza la Mitihani huweka hadharani taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zionyeshazo swali kwa swali mahali walipopotea na sababu yake. Mwalimu azisomaye huwa kama msafiri aliyeonywa mapema palipo na shimo. Shule Direct, iliyoanzishwa na Bi. Faraja Nyalandu mwaka 2013, ina maelezo ya masomo ya sekondari kwa kufuata mihtasari yetu ya hapa nchini. Na huko Marekani, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina kazi iitwayo PhET, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Profesa Carl Wieman, mwenye Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kazi hiyo ni michezo ya kufundishia sayansi, na baadhi yake imefasiriwa hata kwa Kiswahili.

Nitaeleza mmoja wa michezo hiyo. Mwanafunzi huona molekuli za naitrojeni na haidrojeni zimechorwa kama vitufe vya rangi, na mizani karibu yake. Akiweka naitrojeni moja na haidrojeni moja, na upande wa pili amonia moja, mizani hukataa kukaa sawa. Hujaribu tena na tena, hata afikie naitrojeni moja, haidrojeni tatu na amonia mbili. Hapo mizani hutulia. Kwa njia hiyo hufahamu kwamba hakuna atomu iliyopotea wala iliyozuka, bali zimebadilishana wenzi. Jambo hilo mimi huliandika ubaoni kila mwaka, na wapo wanaolikariri bila kulielewa mpaka wauone mchezo huo.

Yuko mzee mmoja jirani yangu, ambaye binti yake yuko kidato cha tatu na ana hamu ya kuwa mwuguzi. Nilipomwomba amwazime simu yake jioni, alinijibu, “Mwalimu, simu ndiyo iharibuyo watoto, nawe wataka nimpe mwanangu kwa mkono wangu?” Nikamwambia, “Mzee wangu, sikuombi umpe aende nayo. Mwache asome hapa barazani, nawe umeketi.” Akafikiri, akakubali.

Siku chache baadaye nilipita kuwajulia hali. Binti alikuwa akitazama picha za sinema zionyeshazo jinsi mawe ya chokaa yanavyochomwa, na mzee ameinama naye. Aliponiona alisema, “Mwalimu, haya mimi nayajua! Marehemu baba alikuwa akichoma mawe ya matumbawe katika tanuri, na chokaa ikimwagiwa maji huchemka pasipo moto.” Binti akamweleza babaye kwamba mawe yakipata moto mkali hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na yale yabakiayo ndiyo chokaa kali, ambayo ikikutana na maji hutoa joto. Mzee akauliza, “Basi ndiyo sababu jiwe lilikuwa likitoka jepesi?” Nikamjibu kuwa ndiyo hasa. Mzee yule hakusoma kemia, lakini aliuliza swali ambalo ningefurahi kuulizwa darasani.

Hata hivyo, wahenga walisema: Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Picha haina joto, haina harufu, wala haimfunzi mtoto kuufunga mfereji wa bureti kabla tone moja halijazidi. Kwa hiyo juma lililofuata nilichukua chokaa mpya ya kupaka nyumba, nikaikoroga katika maji, nikaiacha itulie, kisha nikamimina yale maji maangavu katika bilauri. Wanafunzi wakapuliza pumzi polepole kwa mrija, na maji yakageuka meupe kama tui. Weupe ule ni kitu kile kile yaliyofanyika nacho mawe ya matumbawe tunayoyaona katika magofu ya Kaole. Gesi iliyofukuzwa na moto wa tanuri imerudishwa kwa pumzi ya mtoto. Simu iliwatayarisha kuuliza, na bilauri ikawajibu.

Imebaki mipaka. Wa kwanza ni gharama, maana bando huisha upesi. Mimi hupakua masomo mahali penye mtandao mzuri, nikayahifadhi katika memori kadi, na wanafunzi huyatazama bila kulipa tena. Michezo ya PhET hutumika hivyo, na iko programu iitwayo Kolibri iliyotengenezwa makusudi kwa mahali pasipo na intaneti. Wa pili ni hatari. Si kila afundishaye mtandaoni ni mwalimu. Wengine huonyesha vitu vya moto na moshi ili wasifiwe tu. Mtoto ajue kwamba dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya sumu, na kwamba chokaa kali yaweza kupofusha macho. Asijaribu neno lolote nyumbani pasipo kumwuliza mwalimu wake.

Ndugu wasomaji, mtoto wa Fukayosi hatungiwi mtihani wake peke yake. Karatasi apewayo ndiyo ile ile apewayo mtoto wa Dar es Salaam, ambaye labda ana maabara kamili na kompyuta nyumbani. Basi wazazi, msiwanyime watoto nusu saa ya jioni, ila kaeni nao barazani na muwaulize walichokiona, hata kama ninyi wenyewe hamkulisoma somo hilo. Walimu wenzangu, tuyachague mafundisho ya mtandaoni kabla ya kuwapa wanafunzi, na kila wanachokiona tukifuatishe kwa kazi ya mikono, ijapokuwa kwa bilauri na chokaa. Nanyi wanafunzi, mkimaliza kutazama, funikeni simu, mkaandike mliyoyaelewa kwa maneno yenu wenyewe. Na msipoweza kuandika, rudini mkatazame tena.